Wingi wa Masomo: Habari za Ratiba za Shule Zetu tangu Zamani hata Leo

Kila mwaka wa shule unapoanza, hapa kwetu Singida wazazi huwajia walimu na kuuliza neno moja: "Je, mtoto wetu ashike masomo mangapi?" Wengine hutaka ashike yote yanayofundishwa, kwa kuwa wamekwisha nunua sare na madaftari, nao huona kwamba kuacha somo ni kama kuacha gunia la vitunguu sokoni bila kuliuza. Wengine husema, "Achague yaliyo mepesi tu, apate cheti upesi." Njia zote mbili zimewapoteza vijana wengi. Yule wa kwanza huchoka katikati ya safari, na yule wa pili hufika mwisho wa kidato cha nne akaona milango aliyoitaka imefungwa, kwa sababu masomo ya kuifungua aliyaacha nyuma.

Kwa hiyo tumeona vema kuandika habari za jambo hili tangu asili yake. Mtu akijua mzigo ulitoka wapi na uliongezwa na nani, aweza kuufunga vizuri kichwani. Tutasema kwanza habari za zamani za nchi za mbali, kisha za shule za kwetu, na mwisho tutatoa mashauri machache ambayo kila nyumba yaweza kuyatumia.

Watu wa zamani walilijua jambo hili

Sisi Wakristo twakumbuka habari za Musa alipokuwa akiwaamua watu jangwani tangu asubuhi hata jioni. Mkwewe Yethro alimtazama, akamwonya kwamba kazi ile itamchosha yeye na watu pia. Hakumwambia aiache kazi. Alimwambia aigawe, makubwa ayashike mwenyewe na madogo awape watu waaminifu. Twaona basi ya kuwa kupanga kazi ni sehemu ya kuwa mwaminifu katika kazi, wala si dalili ya uvivu.

Katika mji wa Roma, karne ya kwanza baada ya Kristo, alikuwapo mwalimu mashuhuri jina lake Quintilian. Yeye aliifananisha akili ya mtoto na chombo chenye mdomo mwembamba: ukikimwagia maji mengi kwa nguvu, mengi yatapita nje, ukitia kidogo kidogo, kitajaa. Msomaji wa Iramba au Unyaturu aliyepata kujaza kibuyu kisimani hahitaji kuelezwa zaidi.

Katika karne ya sita, Mtakatifu Benedikto aliwawekea watawa wake kanuni ya kuigawa siku: saa za sala, saa za kazi ya mikono, na saa za kusoma. Hakuruhusu moja iyameze mengine. Wanahistoria wengi huona kwamba kengele na saa za shule za leo zina asili yake katika nyumba za watawa kama zile.

Tena katika karne ya 17 alikuwapo Comenius, askofu wa Ndugu wa Moravia, aliyezaliwa mwaka 1592 na kufa mwaka 1670. Wamoravia ndio wale ambao wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891, na kanisa lao liko hata leo pande za Mbeya na kwa jirani zetu wa Tabora. Comenius aliandika kitabu kikubwa juu ya namna ya kufundisha. Alitaka kila darasa liwe na kazi yake, kila saa iwe na somo lake, na mtoto asitiwe mambo mengi kwa wakati mmoja. Tena alitaka saa za mafunzo ya darasani ziwe chache, mtoto abaki na nafasi ya kula, kucheza na kufanya kazi ya nyumbani. Maneno haya yana umri wa miaka zaidi ya 300, nayo yangali mapya.

Mafundisho ya wazee wetu na shule za kwanza

Kabla ya shule kuja, wazee wetu walikuwa na ratiba yao, ijapokuwa haikuandikwa. Mtoto mdogo alipewa ndama na mbuzi wa karibu na nyumba. Alipokua ndipo alipokabidhiwa ng'ombe wa kwenda mbali. Msichana alianza kwa kumsaidia mama kazi ndogo, kisha kuteka maji, kisha kusaga na kupika. Kila kazi ilikuwa na umri wake na majira yake. Hapakuwa na mzee aliyemtaka mtoto wa miaka saba achunge, alime, afue chuma na kutibu wagonjwa katika mwaka mmoja.

Wamisionari wa Leipzig walipofika Iramba kabla ya Vita Kuu ya 1914, walianza kazi yao Ruruma. Baada ya vita ile, katika miaka ya 1920, kazi ya Iramba ilishikwa na Walutheri wa Amerika wa Sinodi ya Augustana. Hao ndio walioendeleza Kiomboi, penye hospitali, na Kinampanda, palipofundishwa walimu. Wakatoliki nao walifungua misioni zao, kama ile ya Makiungu, na shule pamoja nazo.

Shule za vijijini za siku zile zilikuwa na masomo machache: dini, kusoma, kuandika, hesabu na kuimba. Mwalimu mara nyingi alikuwa ni katekista yule yule aliyeongoza ibada siku ya Jumapili. Watoto walikaa darasani saa chache tu, kisha wakarudi kwa mifugo na mashamba. Mzigo ulikuwa mwepesi, lakini tusiusifu kupita kiasi, maana faida yake nayo ilikuwa ndogo. Wengi walijua kusoma Injili na kuandika barua, wakaishia hapo.

Ratiba yabandikwa ukutani

Mwaka 1924 ilikuja Afrika Mashariki Tume ya Phelps-Stokes, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones wa Marekani. Pamoja naye alikuwapo Dakta James Aggrey, mzaliwa wa Pwani ya Dhahabu, ambayo leo ni Ghana. Tume hii ilizitazama shule za serikali na za misioni, ikashauri kwamba elimu isimamie mambo manne: afya, matumizi mema ya ardhi na vitu vya nchi, maisha ya nyumbani, na matumizi mema ya saa za mapumziko. Twaomba msomaji aangalie hilo la nne. Wakubwa wale waliyahesabu mapumziko kuwa nguzo mojawapo ya elimu.

Mwaka 1925 serikali ya Tanganyika na misioni zilikutana Dar es Salaam kushauriana juu ya elimu, na mwaka 1927 ikatungwa sheria ya elimu. Tangu hapo misioni zilizokubali masharti zilipata msaada wa fedha. Masharti hayo yalikuwa walimu wenye vyeti, mtaala uliokubaliwa, na wakaguzi wa kuzitembelea shule. Ndipo ratiba ilipobandikwa ukutani. Masomo yakaongezeka: Jiografia, Historia, elimu ya afya, kazi za mikono, kilimo, na Kiingereza kwa madarasa ya juu.

Katika mwaka ule ule wa 1925 ilifunguliwa shule ya serikali ya Tabora, ambayo kwanza ilikusudiwa hasa watoto wa machifu. Julius Nyerere alisoma huko tangu 1937 hata 1942, kisha akaenda Makerere, Uganda, mwaka 1943. Shule kama hizo zilikuwa za bweni. Mwanafunzi alilala hatua chache tu kutoka darasani. Chakula kilipikwa na wengine, taa iliwashwa jioni, na kengele ilimwambia saa ya kusoma na saa ya kulala. Msomaji na alishike sana jambo hili, maana tutalirudia. Masomo mengi ya shule za juu yalipangwa kwa kijana wa bweni.

Mitihani nayo ilizidisha mzigo. Wachache waliofika darasa la kumi na mbili walifanya mtihani wa Cambridge uliotoka Uingereza. Kupata cheti kile kulitaka kushinda masomo ya mafungu mbalimbali pamoja, katika mtihani mmoja. Kijana hakuweza kusema, "Mimi ni hodari wa Hesabu, hayo mengine yanitosha nusu nusu." Hapo ndipo ilipoota desturi yetu ya kumtaka kila mtoto ajue kila kitu.

Baada ya Uhuru

Tanganyika ilipata Uhuru mwaka 1961, na Mkoa wa Singida ulianzishwa mwaka 1963. Mwezi wa Machi mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Alisema shule zisiwafundishe watoto kuidharau kazi ya mikono, tena kila shule iwe na shamba au kazi yake ya kuzalisha mali. Nia ilikuwa njema sana. Lakini katika shule nyingi masomo ya zamani hayakupunguzwa. Shamba liliongezwa juu yake. Mahali pengine saa za jembe zilikula saa za kitabu, na mahali pengine mtihani ulikula saa za jembe.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliiwezesha serikali kuzishika shule nyingi zilizokuwa za misioni. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 likaundwa Baraza la Mitihani la Tanzania. Katika miaka ile ya 1970 shule za sekondari zilipewa michepuo: kilimo, biashara, ufundi na sayansikimu. Wanafunzi wa kidato cha tano na sita walizidi kujifunga katika masomo makuu matatu, ambayo leo twayaita tahasusi, kama vile Fizikia, Kemia na Baiolojia, au Historia, Jiografia na lugha.

Katikati ya miaka ya 2000 serikali ilijaribu kupunguza idadi ya masomo. Fizikia na Kemia ziliunganishwa ziwe somo moja katika sekondari. Haikudumu, baada ya muda mfupi zilitenganishwa tena. Twajifunza neno kutoka hapo: ukifunga mizigo miwili kwa kamba moja, uzito ni ule ule. Mzigo hupungua pale tu kitu fulani kinapoachwa nyumbani.

Shule za kata na mzigo usioandikwa

Sasa twafika kwenye jambo kubwa la habari hizi. Tangu mwaka 2004 hata 2009 ulitekelezwa mpango wa kwanza wa maendeleo ya elimu ya sekondari, na kwa nguvu za wananchi na serikali shule za sekondari zikajengwa karibu kila kata. Tangu Januari 2016 ada iliondolewa hata kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa kwa kidato cha tano na sita pia. Watoto wa Ihanja, Sepuka, Mkalama na Itigi, ambao babu zao waliishia darasa la nne, leo wanasoma Fizikia na Historia. Tumshukuru Mungu kwa hilo, tena tuwashukuru walioponda kokoto na kuchota mchanga.

Lakini shule hizi nyingi ni za kutwa. Masomo yaliyopangwa kwa kijana wa bweni alipewa mtoto anayetembea mwendo mrefu asubuhi na jioni. Wengine hupanga vyumba karibu na shule, wakajipikia wenyewe, bila mtu mzima wa kuwaangalia. Tena mtoto huyu alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Afikapo kidato cha kwanza masomo yake hugeuka kuwa ya Kiingereza, hata akajifunza mambo mawili katika kila somo, yaani somo lenyewe na lugha ya somo. Mizigo hii haikuandikwa katika ratiba yoyote, lakini mtoto huibeba kila siku.

Liko na jambo la majira. Mwaka wa shule huanza Januari. Hapa Singida tuna mvua za msimu mmoja, zinazoanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili. Basi mwanafunzi anapoanza masomo mapya, ndipo palizi ya mtama, mahindi na alizeti inapomwita, na ndipo ghala la nyumbani linapokaribia kuwa tupu.

Tufanye hesabu ya saa

Tuache maneno, tuhesabu. Juma moja lina saa 168. Tumfikiri mwanafunzi wa shule ya kutwa anayekaa mbali. Akilala saa 8 kila usiku, ni saa 56. Akikaa shuleni tangu saa moja na nusu asubuhi hata saa tisa na nusu alasiri kwa siku 5, ni saa 40. Akitembea saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi, ni saa 15. Kazi za nyumbani, yaani maji, kuni, jiko na mifugo, tuseme saa 2 kila siku, ni 14. Kula, kuoga na kufua, saa 2 kila siku. Ni 14 tena. Ibada na mambo ya Jumapili, saa 5. Jumla ni saa 144. Zimebaki 24. Tukimpa saa 6 za kupumzika na kucheza, zabaki saa 18 za kujisomea mwenyewe.

Akiwa na masomo 10, kila somo lapata saa 1 na dakika 48 kwa juma. Akiwa na masomo 9, kila moja lapata saa 2. Akiwa na masomo 8, lapata saa 2 na robo. Akiwa na 7, lapata zaidi ya saa 2 na nusu.

Sasa mvua ikinyesha na shamba likichukua saa 10 nyingine kila juma, zitabaki saa 8 tu. Masomo 10 yatapata dakika 48 kila moja. Masomo 8 yatapata saa nzima. Baba anayesema, "Mwanangu ni mvivu, hajisomei," na aandike hesabu hii kwa saa za nyumba yake mwenyewe, aone alimwachia mtoto saa ngapi.

Tena kuna hesabu ya mtihani. Katika mtaala uliotumika kwa miaka mingi, kidato cha nne kilikuwa na masomo ya lazima saba: Uraia, Historia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza, Baiolojia na Hisabati. Fizikia, Kemia, Biashara, uwekaji hesabu, Kilimo, Maarifa ya Biblia na mengineyo yaliongezwa juu ya hayo. Lakini daraja la cheti lilihesabiwa kwa masomo saba tu, yale ambayo mwanafunzi alishinda vizuri zaidi. Alama A ilihesabiwa 1, B 2, C 3, D 4 na F 5. Jumla ikiwa tangu 7 hata 17, hilo lilikuwa daraja la kwanza. Basi mwenye masomo kumi hakupata daraja kubwa kwa ajili ya wingi wake. Matatu yaliachwa nje ya hesabu.

Mtu atasema, "Lakini yale ya ziada ni akiba, moja likianguka, jingine litashika nafasi yake." Neno hili lina kweli ndani yake. Akiba ya somo moja ni busara. Akiba ya masomo matatu, inayonyang'anya saa za yale saba, ni kama kulima mashamba matatu kwa jembe moja, na yote matatu yakaliwa na magugu.

Mashauri yetu

Kutokana na habari hizi zote, twatoa mashauri haya.

Kwanza, anza mwisho, urudi mwanzo. Kabla ya kuchagua masomo ya kidato cha tatu, kijana na aulizwe anatazamia tahasusi gani, au ufundi gani. Anayetaka uuguzi au udaktari hawezi kuacha Fizikia, Kemia na Baiolojia. Pamoja na yale ya lazima, mtaala ule ulimpa masomo tisa, na tisa yalimtosha kabisa. Hakuwa na nafasi ya kuongeza Biashara kwa sababu rafiki yake alilichukua. Anayetaka Historia na lugha aliweza kubaki na saba au nane, akayasoma kwa kina.

Pili, ulizeni shuleni habari za sasa. Mitaala mipya ilianza kuingia mwaka 2024. Sekondari sasa ina mkondo wa jumla na mkondo wa amali, na mwaka huo huo tahasusi za kidato cha tano ziliongezwa sana, hata kufika 65. Wengine wamefurahi, wengine wamechanganyikiwa. Kwa hiyo mzazi asitegemee yale aliyoyajua kaka wa mtoto miaka mitano iliyopita. Amwone mwalimu wa taaluma, aulize yapi ni ya lazima na yapi ni ya kuchagua. Majina na idadi yaweza kubadilika, lakini saa za juma zitabaki 168.

Tatu, changanya mazito na mepesi. Katika ratiba ya kujisomea, usiweke Hisabati, Fizikia na Kemia jioni moja. Weka moja la kukokotoa, kisha moja la kusoma na kukumbuka. Somo linalokusumbua lipe saa ambayo akili ingali mpya, kwa wengi ni alfajiri kabla ya kazi. Lile ulipendalo laweza kungoja jioni, maana upendo wako utakuamsha.

Nne, panga kwa majira. Miezi ya mvua, usijiwekee ahadi za miezi ya kiangazi. Soma kidogo kila siku, hata kama ni nusu saa, ili uzi usikatike. Mavuno yakiisha na kazi za shamba zikipungua, ongeza saa. Hapo ndipo pa kurudia yaliyopita haraka haraka wakati wa palizi.

Tano, linda usingizi na Siku ya Bwana. Twawajua vijana wanaojisifu kwamba hawakulala usiku kucha kwa kusoma. Asubuhi wako darasani macho wazi na masikio yamefungwa. Somo lililofundishwa na mwalimu mchana likikupita, utalitafuta kwa saa tatu usiku. Na siku moja ya kupumzika katika saba ni agizo la Mungu, aliyeufanya mwili na kuujua udhaifu wake.

Sita, jipime mapema. Muhula wa kwanza ukiisha, mwanafunzi na mzazi wazitazame alama pamoja. Somo la kuchagua likiwa linaanguka, na lile la lazima linaanguka pamoja nalo kwa kukosa saa, basi liachwe lile la kuchagua kwa shauri la mwalimu, tena liachwe mapema kabla ya kujiandikisha kwa mtihani. Hakuna aibu. Bwana wetu alitufundisha kwa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Aibu ni ya yule aliyejenga msingi wa minara kumi, asimalize hata mmoja.

Neno kwa wazazi na kwa walimu wenzetu

Enyi akina baba na akina mama, mtoto hawezi kuipanga ratiba yake peke yake, kwa sababu nusu ya saa zake zimo mikononi mwenu. Hatusemi asifanye kazi. Mtoto asiyejua kushika jembe wala kuteka maji amekosa elimu iliyo kubwa. Twasema kazi igawanywe kwa haki. Katika nyumba nyingi msichana hurudi shuleni akapokea ndoo, jiko na mdogo wake wa kubeba, huku kaka yake akikaa na daftari. Kisha matokeo yakija husemwa kwamba wasichana hawana akili ya Hisabati. Akili anayo, lakini saa zake zilitumika kwa ajili ya nyumba nzima. Mpeni saa moja ya taa kila jioni, bila kumwita, nanyi mtaona.

Nasi walimu tujiangalie. Kila mmoja wetu hulipenda somo lake, akatoa kazi ya nyumbani kana kwamba mtoto hana somo jingine. Yafaa walimu wa darasa moja wakutane mwanzo wa juma, wapatane nani atatoa kazi kubwa siku gani. Ni kikao kifupi, na faida yake ni kubwa. Tena tusiwahesabu wanafunzi hodari kwa wingi wa masomo waliyoandikisha, bali kwa yale waliyoyaelewa.

Wale walimu wa kwanza waliotoka Kinampanda kwenda vijijini kufundisha hawakuwa na vitabu vingi. Walijua mambo machache, lakini waliyajua sana, na kwa hayo machache walilea watu waliosimamisha makanisa na shule ambazo twazitumia hata leo. Watoto wetu wamefunguliwa milango mingi kuliko wao. Basi tuwasaidie kuchagua mlango, na kuuendea kwa mwendo ambao miguu yao yaweza, tukijua ya kuwa kibuyu chenye mdomo mwembamba hujaa, anayekijaza akiwa na subira.